Mlangoni mwa Kikao

Jumatatu, 6 Mei 2024
Kikao cha mzigo kilikuwa saa nne asubuhi. Tuko watano tunaochangia kontena moja kutoka Dubai, na wakala wetu ni Ami, mdogo wake baba, anayeishi Deira, hukohuko Dubai. Simu za WhatsApp haziruhusiwi kule, ndiyo maana tunakutana kwa programu ya vikao. Mwenyeji ni mimi, kwa sababu kompyuta iko kwenye fremu yangu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo.

Mmoja wetu, mama wa mabaibui, hakutokea. Baadaye alinipigia kusema amekaa dakika 23 akitazama maandishi kwamba mwenyeji atamkaribisha. Mimi sikumwona. Namba ya kikao ina tarakimu 11. Nilimsomea kwa simu wakati muuza soksi ananadi kwa spika hapo nje, naye akaandika sita penye saba. Akawa anabisha hodi kwa watu wengine kabisa. Mashine haimjui mtu. Inasoma tarakimu, inatafuta chumba chenye tarakimu hizo, inampeleka huko. Nilimwomba radhi. Alikuwa amevaa mtandio mpya kwa ajili ya kikao.

Jumatano, 8 Mei
Sisomi namba kwa mdomo tena. Nimetuma linki, ambayo imebeba namba na nywila ndani yake. Kikao nilikipanga saa kumi jioni, na programu ikaandika 4:00. Mwenzetu, mzee wa spea wa Gerezani, aliona nne, akafunga duka saa nne asubuhi, akakaa peke yake mlangoni mwa kikao hadi adhuhuri. Programu inajua kumwongezea Ami saa moja kwa kuwa yuko Dubai. Haijui kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa kunapopambazuka.

Nilikwenda Gerezani mwenyewe kumwomba radhi. Mzee wa miaka ile haombwi radhi kwa ujumbe wa simu.

Ijumaa, 10 Mei
Siku mbaya.

Kwenye ukumbi wa kusubiri hayakuonekana majina ya watu, yalionekana majina ya simu. Samsung. iPhone. Infinix. Infinix. Ami alikuwa ameshaingia, na wanaosubiri walikuwa wanne, lakini mwenzetu mmoja alikuwa ameshaniambia kwamba yuko msibani Mbagala na hataingia. Kwa hesabu yangu, Infinix mmoja alikuwa mgeni.

Nina sababu ya kuogopa wageni. Mwaka 2020, dunia ilipohamia kwenye vikao vya mtandaoni kwa ajili ya korona, watu walikuwa wakivamia vikao vya wenzao na kuonyesha machafu. Aprili mwaka huo Zoom ikawasha nywila na ukumbi wa kusubiri kwa watumiaji wake wa bure bila kungoja waombe. Sisi tunataja pesa na namba za kontena. Kwa hiyo nilimruhusu Infinix mmoja, wa pili nikamwondoa. Programu yetu ikishamwondoa mtu, haimruhusu kurudi kwenye kikao hicho.

Aliyeruhusiwa alikuwa yule wa msibani, ambaye alisogea kando ya turubai ili atusikilize. Niliyemwondoa alikuwa mama wa mabaibui. Siku hiyo ndiyo tuliyopanga bei ya nafasi ndani ya kontena, na mwenye mzigo mwingi kuliko sisi sote ni yeye.

Jumapili, 12 Mei
Mtandao umezorota tangu asubuhi, nchi nzima. Mkongo wa EASSy na mwingine wa baharini imekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini.

Jumatatu, 13 Mei
Tulijaribu kikao hivyohivyo. Watu wa hapa dukani walidhani sura yangu inatoka Kariakoo na kwenda Deira moja kwa moja. Haiko hivyo. Simu zetu hazina anwani za mtandao za peke yake. Nyingi huchangia moja, kama fremu ishirini zenye S.L.P. moja, na barua ikitoka nje bila mtu wa kuipokea haijui iende fremu ipi. Badala yake, kila mmoja wetu hutuma sura yake mara moja kwenye seva, na seva ndiyo inayowagawia wengine. Seva hiyo inaweza kuwa ng'ambo ya bahari hata kama tunaozungumza tuko mtaa mmoja. Njia ya kusini imekatika, na tangu Februari kuna mikongo iliyokatika Bahari ya Shamu pia. Wote tunajipanga kwenye njia chache zilizobaki.

Tulifunga picha zote, tukabakiza sauti. Ami alitaja gharama ya meli mara nne. Kipande cha sauti kikichelewa hakisubiriwi, kinatupwa, na kilichokuwa kinatupwa ni zile tarakimu. Mwishowe aliandika kwa SMS.

Jumanne, 14 Mei
Bando la mzee wa spea liliisha katikati ya kikao. Alikuwa amewasha picha. Anatuma sura moja na kupokea za wote, nami sikuwa nimemweleza.

Alhamisi, 16 Mei
Nilifunga fremu mapema, nikapita Mtaa wa Congo hadi dukani kwa mama wa mabaibui. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye baibui alilokuwa akilikunja. Nikasimama. Alipomaliza kulikunja alinipa simu.

Niliingia kwenye mipangilio, nikafuta Infinix, nikamuuliza niandike nini. Alitaka jina lake kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake. Niliyaandika yote matatu, kisha nikakaa kwenye marobota yake nikafungua kikao kwa simu yangu. Jina likatokea mlangoni, refu, likakatwa mwishoni kwa nukta tatu. Nikabonyeza kuruhusu.

Ami alimsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani. Aliitikia salamu zote. Kisha akasema ile bei ya nafasi hakuwepo ilipopangwa, tuianze upya.

Tukaianza upya.