Katika Kuitukuza Mayonezi

Vitu vitukufu vimekwisha kupata wasifu wao: nazi imesifiwa pwani mpaka mnazi ukakaribia kuona haya, karafuu imevishwa taji Unguja na Pemba, na kahawa ya Mbozi, ambayo ni fahari ya haki ya mkoa huu wa Songwe, hutukuzwa katika miji ya mbali na watu ambao hawajapata kuuona mkono ulioichuma. Lakini sijasikia mtu aliyesimama hadharani akaitetea mayonezi, kitu kile cheupe chenye mnato, kikaacho ndani ya kopo la plastiki chini ya meza ya mchoma kuku wa Tunduma, kikifichwa mteja asikione, na kikitajwa, hutajwa kwa midomo iliyobetuliwa. Maadamu insafu inataka kila mshitakiwa apate wakili, nami sina kesi nyingine ya kutetea juma hili, najitolea bila ya malipo.

Washitaki wake nawajua. Ni wazee wa nyama choma, watu wa itikadi thabiti, wanaoamini ya kwamba nyama ina haki ya kukutana na chumvi, ndimu na moto, na chochote kinachozidi hapo ni bidaa. Siwabishii juu ya ubavu wa mbuzi, ambao Mwenyezi Mungu ameukirimu mafuta yake mwenyewe kabla haujafika kwa mchinjaji. Wala siwabishii juu ya nyama ile nyingine ambayo adabu ya kalamu hii hainiruhusu kuitaja kwa jina la mnyama wake, ila wenyeji wa nyanda hizi huiita kitimoto na huijua njia ya kwendea hata gizani. Lakini dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam, akamaliza zaidi ya kilomita 900 za barabara, na sasa yumo katika foleni ya kuingia Zambia, hapati ubavu wa mbuzi kila usiku. Aghalabu hupata kidari cha kuku wa kisasa, nyama isiyo na mafuta wala nasaba, ambayo ikikaa juu ya makaa dakika chache zaidi ya haki yake hukauka hata ikamkwama mtu kooni, na ngozi yake, kabla haijafika sahanini, imekwisha kunasa kwenye wavu na kubaki huko kuwa mali ya jiko. Hapo ndipo wazee hunyamaza, na hapo ndipo kopo hutoka chini ya meza.

Natuitazame kazi yake bila ya chuki. Mafuta matupu, ukiyapaka juu ya kuku, huteleza na kudondoka motoni, yakamwacha kuku mkavu na moto umeghadhibika. Mayonezi nayo ni mafuta, tena mengi, kwa kuwa sheria ya Marekani hairuhusu kitu kuuzwa kwa jina hilo kisipokuwa na mafuta ya mimea yasiyopungua asilimia 65 ya uzito wake. Lakini ni mafuta yaliyoshawishika kusimama. Hukaa pale yalipopakwa, hubeba kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga zilizokorogwa ndani yake, na huuzuia wavu usiing'ang'anie ngozi. Kisha yai lililomo hupigwa na joto likaiva na kuwa wekundu wa dhahabu, ambao mchomaji stadi asingeupata kwa ndimu na dua peke yake. Ajabu kubwa ni hii, kwamba baada ya taabu yote hiyo mayonezi haionekani tena: ile ladha yake ya kopo imetoweka, na mlaji hulamba vidole akimsifu mchomaji kwa baraka ya mkono wake. Nani miongoni mwetu, katika zama hizi za kupiga vifua, angefanya kazi usiku kucha kisha akajiondokea kabla ya shukrani kutolewa?

Na siri ya utulivu wake ni hikima tupu. Mafuta na siki ni mahasimu wa tangu na tangu. Uwatie katika chupa moja, uwatikise mpaka mkono uchoke, na punde kidogo kila mmoja amerudi kwao. Kiini cha yai kina kitu kiitwacho lesithini, ambacho upande wake mmoja huyapenda maji na upande wa pili huyapenda mafuta, na mafuta yakipigwapigwa hata yakavunjika kuwa matone madogo mno, lesithini huyazunguka matone hayo ili yasikimbiliane. Watu wa Tunduma hawahitaji somo refu juu ya jambo hili. Zamani lori lilikaguliwa upande huu, kisha likavuka likakaguliwa upya Nakonde. Ulipozinduliwa mwaka 2019 utaratibu wa kituo cha pamoja cha forodha, mbele ya Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia, maofisa wa nchi mbili wakakaa chini ya paa moja, na mzigo ukapita kwa ukaguzi mmoja. Kiini cha yai ni kituo cha namna hiyo, kikiwa na dirisha la siki na dirisha la mafuta. Naye mpishi mwenye pupa, akiyamimina mafuta yote kwa mkupuo, atajionea jinsi kituo kinavyozidiwa: mchanganyiko hukatika, ukawa majimaji yenye mabonge, na shughuli yote huanza upya kwa kiini kingine.

Kuhusu nasaba yake, wasimulizi husema kwamba ilizaliwa mwaka 1756, Wafaransa walipowanyang'anya Waingereza bandari ya Mahon katika kisiwa cha Minorca, na mpishi wa jemadari wao, Duke de Richelieu, akakosa krimu akaponea mafuta. Wako wanaoikanusha hadithi hiyo. Mimi naipokea, kwa sababu kitu kilichozaliwa kwa ukosefu wa kitu kingine kina haki ya kuishi Tunduma.

Tena hapa imekuta jirani anayeistahi. Vuka mpaka uingie upande wa Zambia, ukaalikwe harusini, utaona kando ya ugali wao, ambao huuita nshima, kabichi iliyokatwa nyembamba pamoja na karoti na kuvurugwa kwa mayonezi, ikiwa mahali pale pale ambapo sisi huweka kachumbari ya nyanya na ndimu. Sisi wa upande huu huicheka kabichi hiyo mchana, na usiku huiagiza pamoja na chipsi. Mabishano juu ya sahani hizi mbili hayajapata kumpeleka mtu mahabusu, na nadhani ni ushahidi mzuri wa ujirani mwema. Hukumu yangu, kama mtu ataitaka, ni kwamba kachumbari ni bora kwa nyama yenye mafuta na kabichi ile ni bora kwa kuku mkavu.

Imebaki kuzungumza juu ya aibu zake, ambazo kwa hakika ni fadhila zilizovaa kanzu chakavu. Husemwa kwamba huwasha moto: ni kweli, tone likianguka juu ya kaa, ulimi wa moto huruka, na wapita njia wote hugeuza shingo, mfanyabiashara gani alipata tangazo la bei rahisi kuliko hilo? Husemwa kwamba hunenepesha: kijiko kimoja kikubwa kina kalori zinazokaribia 100, neema isiyo kifani kwa mafundi cherehani, ambao wasingepata kazi ya kupanua suruali lau watu wangekula mchicha peke yake. Husemwa kwamba husokota matumbo, na hapo wakili wa mshitakiwa hupandwa na hasira, kwa maana mayonezi ya kiwandani ina ukali wa siki usiowapendeza vijidudu, na aghalabu mwenye hatia ni kuku wa jana au viazi vilivyolala nje, ambavyo vikiisha kufanya madhara hunyamaza vikaiachia lawama. Ile ya kukorogwa nyumbani kwa yai bichi ina mashaka ya kweli, nami siwezi kuisemea. Naomba iliwe siku ile ile.

Nyumbani pia ni khadimu mwema. Katika asubuhi za Juni, wakati baridi ya Tunduma, mji ulio zaidi ya meta 1,500 juu ya bahari, inapoifanya siagi iwe ngumu hata ikararua mkate, mayonezi hupakwa nje ya kipande kwa ulaini, na kipande kikiwekwa kikaangoni huiva sawasawa pembe kwa pembe. Wali wa kiporo ukichanganywa na kijiko chake kabla ya kukaangwa, punje huachana kwa heri. Samaki wa Ziwa Rukwa akipakwa kidogo hutoka wavuni na ngozi yake kamili, na mama lishe hana haja ya kumficha chini ya mchuzi.

Basi wewe msomaji, utakapopita Tunduma usiku na kumwona mchoma kuku akiinama chini ya meza, usimwulize anatafuta nini. Mwombe tu apake nyembamba, asubiri ndimi za moto zitulie na makaa yafanye majivu, na akimaliza, kopo alifunike vizuri.