Hatua Sita za Kumkinga Mtoto na Ugonjwa wa Kucheza

Ukimwona mtoto ambaye hajakamilisha meno anajikokota hadi kwenye redio, anashika ukingo wa kochi na kuanza kubonyea magoti, usicheke. Dalili ndiyo hiyo. Ugonjwa wa kucheza humpata mtu angali mchanga, hauna chanjo, na aliyeupata huzeeka nao. Mzazi anayetaka kukuza mhasibu aliyetulia na afuate hatua hizi bila kuruka.

1. Usimbebe mgongoni

Mbeleko ndiyo mlango wa kwanza wa maambukizi. Wanawake wawili wakitwanga kwenye kinu kimoja, huyu anainua mchi huku yule anashusha, mtoto aliye mgongoni anajua kushika mapigo kabla hajajua jina lake. Nunua unga wa dukani na kigari cha kusukuma. Kisha mpitishe barabara za mtaani, ambako mashimo yatamrusha kwa mapigo yaleyale. Angalau lawama itakuwa ya halmashauri.

2. Funga geti mdundiko ukipita

Ngoma nyingine hungoja watu wazifuate uwanjani. Mdundiko wa Wazaramo haungoji mtu: unatoka kwenye nyumba ya shughuli, unaingia barabarani na kuzoa watoto mtaa kwa mtaa. Watu wazima wengi wa Dar es Salaam wanaoheshimika maofisini leo waliwahi kutumwa chumvi Ilala wakashtukia wako Buguruni, chumvi hawana, hela hawana, na njia ya kurudi hawaijui. Fimbo waliyochapwa jioni haikuwazuia kutoka tena Jumamosi iliyofuata.

Ukuta mrefu nao usikudanganye. Muziki wa singeli uliokulia Manzese na Tandale unaweza kupita mapigo 200 kwa dakika, na spika za kigodoro, ile sherehe ya mtaani ya usiku kucha, hazijui mpaka wa kiwanja.

3. Mkataze kwa sauti kubwa

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Tatizo ni kwamba wenye nguvu kuliko wewe walishajaribu kumkunja samaki huyu.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda wizara ya utamaduni na kusikitika kwamba wasomi walijivunia kujua rumba na chachacha, ilhali wengi wao hawajawahi kucheza ngoma kama gombe sugu wala kiduo. Novemba 1969, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Ungedhani nchi nzima ingekaa chini na kukunja mikono.

Kumbe rumba ilikuwa imeshapata ajira serikalini. Chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi la kujenga taifa yake, vijana wa chama tawala wakapata Vijana Jazz, na Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji ikawa DDC Mlimani Park. Wapiga gitaa walilipwa mshahara kama makarani. Mitindo waliyowachezesha watu iliitwaje? Msondo na Sikinde, majina ya ngoma za Pwani. Mwalimu alilia kwamba ngoma zimesahauliwa; vijana wakamrudishia, zimeongezewa tarumbeta.

4. Mwachie mwalimu wa shule

Shuleni kuna nidhamu, na kucheza ni uhuni. Lakini hiyo ni mpaka itangazwe kwamba mgeni rasmi anakuja. Hapo mwalimu yuleyule atapita madarasani akiwatafuta wenye viuno vyepesi, awatoe kwenye hesabu, awavike njuga na kuwafundisha sindimba ya Wamakonde. Watoto wa Moshi na Bukoba, ambao hawajawahi kumwona Mmakonde, watanengua mbele ya mkuu wa wilaya huku wazazi wakipiga vigelegele. Mgeni rasmi atainuka na kumbandika mwanao noti kwenye paji la uso. Kuanzia siku hiyo, usihangaike tena kumweleza kwamba kucheza hakulipi.

5. Mpeleke kwenye ibada, na umwepushe na sebene

Kwaya itamtuliza, ila chagua kwaya ambayo haijasikia habari za uchezaji wa mayenu. Ukiipata, waarifu na wazazi wengine, maana wanaitafuta.

Harusini, kaa naye mbali na jukwaa na usome saa. Dansi lina hila. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia alivyoachwa, na watu wazima wanatikisa vichwa kwa huruma. Unadhani umesalimika. Kisha waimbaji wananyamaza, magitaa yanaanza kukimbizana, sebene linaingia, na yule shangazi aliyelalamikia mgongo tangu asubuhi amefika katikati ya ukumbi, viatu mkononi. Mtoto ukimtafuta kwenye kiti chake, utakuta soda tu.

6. Subiri azeeke

Hili ndilo tumaini la mwisho: magoti yatakuja kukusaidia kazi. Yatasaidia kidogo. Ingia ukumbi wowote wanapopiga zilipendwa uwatazame wenye mvi. Vijana wanamaliza nguvu kwenye wimbo wa kwanza na kwenda kutafuta maji. Mzee anacheza kwa bega moja, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kana kwamba anakagua sakafu, na saa nane za usiku bado yupo. Miaka haijamwachisha kucheza. Imemwondolea haraka tu. Daktari amemwambia afanye mazoezi, naye kwa mara ya kwanza maishani ametii ushauri wa daktari kikamilifu.

Ikiwa umefuata hatua zote na mtoto bado anacheza, basi chunguza nyumbani: nani alikuwa akigonga meza kwa vidole wakati anasoma mwongozo huu? Ugonjwa una asili yake. Kinachobaki ni kutii methali nyingine ya wahenga haohao, kwamba mcheza kwao hutunzwa. Chenji pesa zako mapema, ziwe noti ndogondogo. Huyo mwanao hakai chini leo.