Vibuyu vya Kyamwilu

Kwenye barabara ya Kituluni, nje ya mji wa Machakos, ndipo ilipo Kyamwilu, mahali ambapo wageni husimamisha magari watazame maji yakipanda mlima. Wenyeji waliona hayo ni mambo ya watalii. Wao walikuwa na desturi yao: mwenye neno alilichora kwenye kibuyu, akakiachia kijitoni, wengine wakasoma.

Siku moja Tumbili, kijana wa miaka kumi na mitano, alichora: "Susu Kobe amebeba nyumba mgongoni kwa kukimbia kodi." Wenzake walicheka hadi wakadondoka matawini. Akakitupa kibuyu. "Kitaingia Mto Athi, kikazikwe baharini Malindi," alisema, akaondoka bila kungoja kuona kimeelekea wapi. Kesho yake alichora kibaya zaidi, maana cha jana kilikuwa kimeshachosha.

Miaka mitatu ikapita. Sungura, fundi wa vinyago kule Wamunyu, alitafuta mwanagenzi. Tumbili akaenda, manyoya yamechanwa, barua ya sifa mkononi. Sungura hakuifungua. Alivuta gunia la vibuyu kutoka chini ya benchi. "Mkono wako ni mzuri," alisema. "Nimeona ulivyochora hivi." Akamwonyesha njia ya kurudi.

Baraza likaitwa chini ya mwembe. "Vijana wa siku hizi hawana haya!" alifoka Fisi, mwenyekiti. "Wanyang'anywe vibuyu vyote!" Wazee wakapiga makofi.

Kasuku, wakili, alikumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu mtu kudai taarifa zake za kupotosha zifutwe.

"Basi nifutiwe vyangu," alisema Tumbili.

"Vyako vinapotosha nini? Uliyechora ni wewe."

Susu Kobe akafika, wa mwisho kama kawaida. "Maji ya Kyamwilu hayapandi, wajukuu. Mlima unayadanganya macho tu. Mlikodhani kunateremka ndiko kunakopanda, na kila kibuyu mlichokituma baharini kilikuwa kinakuja kijijini. Twendeni tukaviokote."

Wakaingia majini. Vya kwanza kuopolewa vilikuwa tisa, vyote vimechorwa Tumbili akiwa mchanga, matako wazi, juu ya chungu: "Mfalme wangu leo ameharisha." Mwandiko ulikuwa wa mama yake. Tumbili alikuwa hajajua hata kushika kisu, na jina lake lilikuwa limeshaanza safari. Kando yao Fisi alikuwa amekalia kibuyu kimoja cha ujana wake, akikataa kuinuka.

"Chako kiokote kabla hujaokotewa," alisema Susu. "Ulichomchora mwenzako, kikwangue mbele yake. Na ulichopewa ukacheka ukakificha, mrudishie mwenyewe."

Tumbili akakwangua kile cha kodi mbele ya Susu. Maneno yalitoka, alama ikabaki. Akataka kukivunja.

"Kiache," alisema Susu. "Atakayekisoma aone na palipokwanguliwa."

Mama Tumbili, machozi yakimlengalenga, alishachukua kibuyu kipya amchore mwanawe akiomba radhi. Kisu kikasita hewani.

"Nichore?"

"Hapana, Mama."

Akakiweka chini.

Jioni hiyo Fisi alikaa peke yake kijitoni, akachora kwa hasira: "Vijana wa siku hizi na wazazi wao." Akakiachia upande wa mteremko, akaenda kulala.