Jina Simtaji

Mkunga ana siku yake ya kimataifa kila tarehe 5 Mei, na muuguzi ana yake tarehe 12 ya mwezi huohuo. Daktari bingwa hahitaji siku; yeye husifiwa mwaka mzima. Anayesahauliwa ni mtumishi wa hospitali aliyemaliza zamu: yule aliyeketi siti ya nyuma ya daladala na mwenzake, sare ikichungulia chini ya sweta, akiihadithia wodi kitanda kwa kitanda. Huyu hajawahi kukatiwa hata keki. Basi sifa zake niziseme mimi.

Sanaa yake ina kanuni, na kuu ni kutotaja jina. Hapo hana mchezo.

"Shoga, leo kitanda namba tisa kanitoa jasho."

"Yule wa sukari?"

"Siye! Huyu jina simtaji, kazi yetu hairuhusu. Ila mumewe ndiye mwenye gereji pale nyuma ya msikiti, wale waliofiwa na mama mkwe Ramadhani iliyopita, mtoto wao wa kwanza yuko jeshini. Sasa majibu yake yametoka leo. Mwenzangu, acha tu."

Daladala nzima kimya. Hata konda ameacha kuchezesha sarafu. Jina halikutajwa, maadili ya kazi yamelindwa, na kufikia kituo cha tatu abiria wanne wamekwisha kumjua mgonjwa. Mmoja wao ni wifi yake.

Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tatizo la kifo ni uzembe. Kinaweza kukaa miaka thelathini bila kumuumbua mtu, hasa siku hizi ambapo dawa zipo na watu wanazimeza kwa saa. Mtumishi wetu ameliona pengo hilo akaliziba. Mgonjwa mwenyewe bado yuko kwenye foleni anasubiri kuitwa, majibu yake yamekwisha kufika kwa mama ntilie. Kwa huduma ya namna hii kifo kinaweza kustaafu, angalau katika idara ya kuumbua.

Wenzetu wa Marekani hawajafika huku. Mwaka 1995 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya kazi ya ajabu kidogo: walijipakia kwenye lifti za hospitali tano, safari 259, wakatega masikio kama abiria wengine. Waliambulia kauli zisizofaa 39, katika safari 36. Maana yake mara 223 walipanda na kushuka bure, wakikodolea macho namba za ghorofa. Nawahurumia. Lifti ni jukwaa duni, mlango unafunguka hadithi haijafika kwenye vipimo. Mbagala hadi Kariakoo siku ya foleni, kwa upande mwingine, inatosha kueleza ugonjwa ulivyoanza, dawa alizopewa, bili iliyomshinda, na bibie aliyekuja saa za kuona wagonjwa akamkuta mke wa ndoa keshaketi.

Kiapo chenye jina la Hippocrates kinamtaka tabibu ayanyamazie yale yasiyofaa kusemwa. Kwake Hippocrates ilikuwa rahisi, kisiwa chake cha Kos hakikuwa na foleni ya Ubungo. Chama cha Madaktari Duniani kililirudia sharti hilo katika Azimio la Geneva la 1948, na baadaye kikaongeza kwamba siri itunzwe hata baada ya mgonjwa kufariki. Hapo wamezidisha. Marehemu atadhurika nini? (Mjane wake analo jibu, lakini wajane hawaalikwi Geneva.)

Bunge letu nalo limefanya sehemu yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na inataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wasajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sidhani kama waliotunga walilifikiria benchi la mama ntilie nje ya geti la hospitali. Pale, saa saba mchana, taarifa hukusanywa, huchakatwa na kusambazwa pamoja na wali maharage, na mama mwenyewe, ambaye hajawahi kushika hata kipimajoto, atakwambia nani kaongezewa chupa ngapi za damu na ndugu yupi alikataa kuchangia. Nilitaka kuwasifu pia wale wa makundi ya WhatsApp, nikasita. Wao huandika, na maandishi yanabaki yakawa ushahidi. Fasihi simulizi ni safi zaidi.

Tusimwonee lakini. Anayeongea mara nyingi si mtu mbaya. Ametoka zamu ya usiku, wodi imejaa na wauguzi wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alfajiri mtoto amekata roho mikononi mwake, na asubuhi aliulizwa habari za fomu zilizokosa sahihi, hakuulizwa ameamkaje. Chumba cha watumishi kupumzikia kimekuwa stoo ya vitanda vilivyong'oka magurudumu. Mzigo ule autue wapi? Anautua kwenye siti ya nyuma, na abiria wanaupokea kwa mikono miwili.

Isitoshe, hajajifundisha mwenyewe. Chuo chake ni hospitali yenyewe. Ni pale dirishani panapopigwa ukelele, "Wa kaswende! Dawa yako hii, wa kaswende nani?" na watu sitini wanageuza shingo kutazama nani atanyanyuka. Ni ile raundi ya asubuhi ambapo habari za tumbo lako zinasomwa kwa sauti ya khutba, jirani yako wa kitanda anatikisa kichwa kwa masikitiko na mkewe ameacha kukoroga uji. Ni faili lenye rangi yake na kliniki yenye mlango wake wa pembeni, ili mtu ajulikane anakokwenda kabla hata hajaulizwa. Mtu akae humo miaka kumi, kisha umtake anyamaze kwenye daladala?

Nimeiacha mwisho faida yake kwa uchumi, maana ndiyo kubwa. Huyu amekuza utalii wa ndani kuliko tangazo lolote la Mlima Kilimanjaro. Mtu wa Mbagala ana kituo cha afya hatua chache kutoka mlangoni kwake, lakini mwezi ukifika anaamka usiku, anavaa kofia, anapanda mabasi mawili kufuata dawa zake Bagamoyo, kwa nauli yake mwenyewe na bila kulalamika. Wa Bagamoyo naye, kwa sababu ileile, anakuja mjini. Wenye mabasi wanapata, wauza maji wanapata, wauza karanga wanapata. Na siku nyingine huko ugenini, kwenye benchi la kusubiri dawa, jirani hukutana na jirani.

"Baba Salma! Kulikoni huku?"

"Aah, nimemsindikiza mgonjwa. Na wewe?"

"Mimi pia, nimemsindikiza mgonjwa."

Wanaketi pamoja, wanaongea habari za mpira, kila mmoja akimwombea mwenziwe aitwe kwanza.