Seva Haitaki Kiswahili Changu

Uzalendo una gharama. Mwezi jana niligeuza laptopu yangu yote iwe ya Kiswahili, nikajiona nimeitendea haki lugha ya taifa. Sikujua kwamba laptopu ni kama mtoto mdogo: ukienda nayo ugenini, inatoa siri za nyumbani.

Jumamosi nikamwambia Mama Zawadi, "Naweka hifadhidata ya duka, dakika tano tu, halafu tutoke." Nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikaamuru PostgreSQL ijiweke. Mistari ikateremka, ikakoma. Nikaiita hifadhidata: kimya. Kurudi juu kusoma, nikakuta nimeambiwa kwamba lugha iliyoombwa si halali, kwa hiyo hifadhidata haikuundwa. Kiswahili si halali!

Nikafuta, nikaweka upya. Mara tatu. Mama Zawadi akapita na mkoba begani. "Baba Zawadi, dakika hizo ni za saa ya nani?"

Rafiki yangu akanishauri kwa simu: "Weka mpangilio wa C, achana na lugha." Nikaweka. Nikaingiza majina ya wateja, nikaomba yapangwe. Zuwena akakaa juu ya amina! Kwa C, herufi kubwa zote hutangulia ndogo, na aliyemwandika amina kwa herufi ndogo ni mimi mwenyewe.

Kumbe mchawi alikuwa SSH. Ilichukua lugha ya laptopu ikaipeleka kwenye seva, na seva mpya haijaandaliwa lugha hiyo. Nikafungua faili la /etc/locale.gen, nikashuka mamia ya mistari hadi chini ya Kiswidi. Hao hapo: sw_KE, kisha sw_TZ. Wakenya wametutangulia, ila safari hii ni kosa la alfabeti. Kila mmoja wao ana alama ya # mbele, maana yake: yupo, lakini asihesabiwe. Kama shemeji kwenye kikao cha ukoo.

Nikafuta alama moja. Nikaendesha locale-gen, nikaibomoa hifadhidata ya C, nikaunda nyingine kwa pg_createcluster. Ikakubali bila neno. Nikaingiza majina upya, amina akarudi juu.

Ndugu msomaji, kabla ya kuweka hifadhidata andika amri ya locale, usome seva inakujibu nini. Mpangilio wa msingi wa herufi ukishaingia kwenye hifadhidata haubadilishwi. Unabomoa na kujenga upya. Dakika zangu tano zilikula saa nne, na Mama Zawadi alishapanda bajaji peke yake.