Ukitaka Kuuza Bunduki, Pitia Hurlingham Kwanza

Mwongozo huu ni wa watu wawili. Wa kwanza ni waziri anayetaka Kenya iwauzie silaha nchi rafiki. Wa pili ni mwananchi anayetaka kujua rafiki huyo ni nani, na bunduki atamwelekezea nani. Waziri ataletewa nakala yake ofisini. Mwananchi avae viatu vya kutembea, aweke mfukoni nauli ya Hurlingham na ya Westlands, na asisahau kalamu. Msimamo wangu nautoa mapema ili usiutafute kati ya mistari: nchi isiyoweza kuwaambia raia wake silaha zilizopita mikononi mwake ziliishia wapi haifai kuuza hata risasi moja. Kenya, kwa sasa, ni nchi hiyo.

Anza kwa kujua tuna nini cha kuuza, kwa sababu wengi wetu hudhani sisi ni wanunuzi tu. Eldoret kuna Kenya Ordnance Factories, shirika la serikali la kutengeneza risasi lililoanzishwa miaka ya 1990. Ruiru, tarehe 8 Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki. Kiligharimu shilingi bilioni 4, na tukaambiwa kina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Kiwanda hakipendi kukaa bure. Siku moja mtu atasimama bungeni na kusema polisi wetu wametosheka, zinazobaki ziuzwe nje zilete dola na kazi kwa vijana. Siku hiyo ikufikie ukiwa umeshasoma habari za meli moja.

Hapo ndipo penye agizo la kwanza kwa muuzaji yeyote wa silaha: soma hati ya shehena kabla maharamia hawajaisoma. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina, meli ya kampuni ya Ukraine iliyokuwa ikielekea Mombasa. Ndani walikuta vifaru 33 vya T-72, mizinga ya kutungulia ndege, makombora ya kurushwa begani na risasi tele. Serikali ya Nairobi ilisema vifaru ni vya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiendesha mpango wa kuwasaidia mabaharia kule Mombasa, akasema mzigo ule ni wa Sudan Kusini. Mwanzoni mwa Oktoba alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa taarifa za kutia watu hofu.

Kisha hati yenyewe ikajitokeza hadharani, na kwenye nambari za mikataba kulikuwa na herufi GOSS. Aliyefuatilia siasa za Juba alizitambua mara moja: ndizo herufi ambazo Serikali ya Sudan Kusini ilijulikana kwazo duniani. Msemaji wa serikali wakati huo, Alfred Mutua, alishikilia kwamba zinahusu idara ya vifaa na usalama ya hapa nyumbani. Meli ilishikiliwa zaidi ya miezi minne, na nahodha wake akafia humo. Iliachiliwa tarehe 5 Februari 2009 baada ya kulipwa kikombozi cha dola milioni 3.2, ikatia nanga Mombasa wiki iliyofuata. Mwaka 2010 WikiLeaks ilivujisha nyaraka za kibalozi za Marekani, na ubishi ukaisha. Vifaru vilikuwa vya jeshi la Sudan Kusini. Maofisa wa Kenya walikuwa wakilizungumza jambo hilo na Wamarekani faraghani, tena wakishangaa kwa nini Washington inawajia juu kwa biashara ambayo awali iliifahamu.

Tusiiache meli hiyo haraka. Kenya ilikuwa imejitolea miaka mingi kuwapatanisha Wasudani, na mkataba wa amani ulitiwa saini hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mpatanishi huyo huyo akawa njia ya kupitishia vifaru vya upande mmoja. Waliokuwa na haki ya kuuliza kama hilo ni jambo la busara, yaani wabunge na wananchi waliowachagua, walipata habari kutoka kwa watekaji wa meli. Tarehe 15 Desemba 2013 jeshi lile liligawanyika kule Juba, likaanza kupigana lenyewe kwa lenyewe. Watafiti wa chuo cha afya ya umma cha London walikadiria mwaka 2018 kwamba vita hivyo vilisababisha vifo karibu 383,000, na nusu yake vilitokana na ghasia zenyewe. Sisemi vifaru 33 ndivyo vilivyoua umati huo. Bunduki za kawaida na njaa zilifanya kazi kubwa zaidi. Nasema mshirika wa 2008 hakuwa tena yule yule mwaka 2013, lakini silaha zilikuwa zile zile, ghalani mwake.

Kwa hiyo, waziri, mshirika anapokuja na hundi, muulize maswali ambayo mwenye duka la Kawangware humuuliza anayetaka unga kwa deni: wewe ni nani, unakaa wapi, na yule wa mwezi uliopita ulimlipa lini? Kisha andika daftarini. Katika biashara ya silaha daftari hilo lipo. Linaitwa cheti cha mtumiaji wa mwisho, karatasi ambayo mnunuzi huapa juu yake kwamba silaha hazitapita kwa mtu mwingine. Cheti bila mtu wa kwenda kukagua ghala miaka miwili baadaye ni karatasi tu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika mwanzoni mwa 2014 kwamba silaha zilizoruhusiwa kwa serikali ya Somalia, baada ya vikwazo kulegezwa mwaka 2013, zilikuwa zikichepushwa, na kwamba kulikuwa na mipango ya kumpelekea silaha kiongozi mmoja wa kundi la Al-Shabaab. Serikali ile ilikuwa rafiki yetu, na wanajeshi wetu walikuwa huko wakiisaidia. Bunduki hazikuujali urafiki huo. Mkazi wa Westlands, anayepita karibu na jumba la maduka la Westgate ambako watu 67 waliuawa Septemba 2013, hahitaji kuelezwa Al-Shabaab ni nani.

Sasa mwananchi, tutembee. Simama Harambee Avenue, mahali unapoweza kuliona jengo la KICC na mnara wa saa wa Bunge bila kusogea. Tarehe 18 Februari 2025, ndani ya KICC, walikusanyika viongozi wa kikosi cha RSF cha Sudan na washirika wao, kutayarisha serikali yao sambamba wakati vita vilivyoanza Aprili 2023 vinaendelea. Khartoum ikamwita nyumbani balozi wake. Nairobi ikasema inatoa uwanja wa mazungumzo ya amani tu. Juni mwaka huo Bellingcat, kundi la wachunguzi wa picha na video, likachapisha uchunguzi kuhusu makasha ya risasi yaliyoonekana katika ghala linalodaiwa kuwa la RSF, yenye maandishi ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya. Upande wetu ukakana. Huenda maandishi yalighushiwa. Huenda makasha yalichepushwa njiani na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nairobi. Njia ya kumaliza shaka ni kutoa kumbukumbu za ununuzi na kulinganisha nambari za makundi ya risasi mbele ya kamati ya Bunge, jengo ambalo unaliona ukiwa umesimama pale pale. Kukana peke yake tulishakujaribu mwaka 2008.

Usidhani naomba kitu kigeni. Desemba 2006 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa lililoanzisha safari ya mkataba wa biashara ya silaha. Tarehe 2 Aprili 2013 mkataba huo ulipitishwa kwa kura 154 dhidi ya 3, na Kenya ilikuwa upande wa ndiyo. Unakataza kuuza silaha ukijua zitatumika kwa mauaji ya kimbari au kuwashambulia raia, na unadai kila mwanachama atoe taarifa ya mwaka ya alichouza na alichonunua. Ulianza kutumika Desemba 2014. Kenya, iliyoshika kalamu ya kuuanzisha, haikuutia saini wala haijajiunga nao. Makao makuu ya kituo cha kanda cha kudhibiti silaha ndogo, RECSA, yako hapa hapa Nairobi, na itifaki yake ya mwaka 2004 ina jina la mji huu. Waziri anayetaka kuuza aanze kwa kuiingiza Kenya katika mkataba huo. Hilo halihitaji kiwanda.

Kuna wanaosema silaha haziwezi kujadiliwa mbele ya watu kwa sababu adui atasikia. Hao wapeleke Januari 2017. Mwezi huo serikali ya Marekani ililiarifu Bunge lake kwamba inataka kuiuzia Kenya ndege 12 za mashambulizi aina ya Air Tractor pamoja na vifaa vyake, kwa gharama ya hadi dola milioni 418. Aina, idadi na bei vilichapishwa wazi. Mbunge wa North Carolina, Ted Budd, akapinga, akiuliza kwa nini kampuni ya jimboni kwake haikupewa nafasi ya kushindania zabuni. Mkenya wa Kangemi, ambaye kodi yake ndiyo ingelipa, aliijua bei kwa sababu Washington iliitangaza. Al-Shabaab hawakupata ushindi wowote kwa bei ile kutajwa.

Na yule atakayekwambia tusipouza sisi watauza wengine, mjibu kwamba wengi wa hao wengine hawapakani na Sudan Kusini wala Somalia. Wakimbizi wa silaha zinazouzwa na nchi za mbali huja Kakuma na Dadaab. Sisi tutauza, na sisi tutapokea.

Sasa, mwananchi, toka Harambee Avenue uende stejini, tafuta matatu za njia ya 46, ushuke Hurlingham. Ulinzi House, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, iko upande wa Lenana Road. Msalimie afande wa langoni vizuri, yeye hajauza kitu. Mwambie, "Afande, habari ya kazi? Nimeleta barua." Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili, nayo haikulazimishi kutoa sababu za kuuliza. Andika hivi: chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba, naomba kujua ni silaha na risasi zipi zilizotoka Kenya kwenda nchi nyingine, au zilizopita Kenya, tangu mwaka 2008, zilikwenda kwa nani, na ni nani aliyethibitisha kwamba zilifika na kubaki huko. Omba muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, wenye tarehe. Nakala nyingine irudishe mjini, kwa mbunge wako, ukimkumbusha kwamba Kifungu cha 125 kinaipa kamati yake uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita shahidi na kudai nyaraka. Mwite mheshimiwa, lakini mdai jibu.

Wizara ina siku 21. Ikijibu kwamba ni siri ya usalama wa taifa, usikate tamaa. Sheria hiyo hiyo inasema habari inaweza kuamriwa itolewe pale manufaa ya umma yanapozidi madhara, na anayepima ni mahakama. Kabla ya kufika huko, una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo afisi zake zimekuwa katika jumba la West End Towers, Waiyaki Way. Matatu za Kangemi hupita hapo. Beba nakala yenye muhuri, jibu ulilopewa au tarehe ya siku ya 21, na namba ya simu ambayo haizimwi. Tukiwa wawili watatu kwenye foleni ile, tushauriane ni vipindi gani kila mmoja ameulizia, ili barua zetu zisirudie mwaka mmoja na kuuacha mwingine.