Namna ya Kuipima Imani ya Mtu wa Misigiri

Ukitaka kila mkazi wa Misigiri, mkoani Singida, apate alama tano kwa tano, kazi ni nyepesi. Shuka kwenye basi pale njia panda ya Kiomboi, ongozana na mtendaji wa kijiji, kisha mwulize mama anayepepeta alizeti: "Mama, unamwamini Mungu?" Atajibu "Sana, mwanangu," na kukuvutia kigoda. Hapo umepima ukarimu wa Wanyiramba, wenyeji wa hapo.

Ukitaka kupima imani yenyewe, anza upya. Mwaka 1997 wanasaikolojia wa Marekani, Thomas Plante na Marcus Boccaccini, walichapisha dodoso la maswali kumi. Ni zuri, lakini usilibebe zima zima. Mmoja alitafsiri, mwingine asiyeona la asili alirudishe kwenye Kiingereza, ulinganishe. Kisha kaa na mzee wa kanisa la Kilutheri, na imamu, na bibi asiyeonekana kanisani wala msikitini. Msomee kila mmoja swali, akueleze alivyolielewa. "Imani yangu huathiri maamuzi yangu" ni maneno ya ofisini. Uliza hivi: "Mlipogawana shamba la marehemu baba, uliacha kitu gani kwa ajili ya dini yako ambacho ungeweza kukichukua?" Subiri. Kimya kitakachofuata nacho ukiandike.

Halafu kuna mganga na mizimu. Ripoti ya kituo cha utafiti cha Pew ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Watanzania waliohojiwa waliamini kafara kwa mizimu inaweza kumkinga mtu na mabaya. Mbele ya mchungaji hutampata hata mmoja wao. Basi mhoji mtu peke yake, asihojiwe na mwenyeji wa kijijini, na jina lisiandikwe. Tena usimpunguzie alama aliyekiri. Kumcha Mungu na kuogopa mizimu vinakaa nyumba moja, na dodoso lisiloliona hilo halijafika Singida.

Wanakijiji watakuuliza takwimu ni za nini. Wana haki. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini, na mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa kwa sababu dini haikuulizwa. Jibu kabla hujaulizwa: huhesabu dini ipi ina watu wengi.

Dodoso lijaribu kijiji jirani kwanza. Baada ya wiki mbili rudi kwa watu wale wale. Majibu yakiyumba, swali ni bovu. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali yanavyoafikiana, ikivuka 0.7 usishangilie, maana wengine wakisema "sana" kila mahali na wengine "kiasi" kila mahali, itapanda vilevile. Linganisha na matendo, ila usitumie kuhudhuria msiba: msibani Misigiri wanakwenda wote. Angalia nani anarudisha chenji iliyozidi, nani anamlisha yatima asiye wa ukoo wake.

Ukimaliza, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji uwasomee matokeo kwa Kiswahili, kabla hayajaenda kwenye jarida lolote. Imani uliyoipima ni yao.